Picha Zisizo na Juu wala Chini

Siku nilipoacha kazi na kurudisha funguo za atelie, karakana yetu ya mbao, ninyi wenzangu wa kazi mlinipa kiti. Nilipokitazama vizuri nikakitambua: nilikitengeneza mwenyewe mwaka juzi, kikakosa mteja. Nawashukuru. Ndicho ninachokikalia sasa ninapoandika, na mguu mmoja bado mfupi kidogo. Kosa ni langu, msimlaumu mtu.

Mliniomba niandike mambo ya kazi, hasa kazi ya kadre, kwa sababu hapa Kasongo hakuna tena anayefunga picha na kioo jinsi tulivyofunga sisi. Haya, naandika. Miaka ya baada ya Uhuru naiacha. Wengi wenu mliiona, na aliyeona hahitaji kuandikiwa. Nitaeleza ya wakati wa Wabeleji, nilipojifunza kazi, na nitaeleza jambo nililomfanyia mtu aliyenifunza. Baadhi yenu mmesikia nusu yake. Nusu ya pili ninayo mimi.

Niliingia atelie nikiwa mtu mzima, nimeoa, nimetoka shule ya ufundi ya misioni na cheti changu nimekikunja mara nne mfukoni. Kwetu ni Lusangi. Baba alikuwa mkulima wa mpunga na mihogo, na katika ukoo wetu mzima mimi nilikuwa wa kwanza kusoma Kifaransa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mwenye atelie alikuwa Mbeleji mmoja tuliyemwita Bwana Kipimo, kwa vile hakutembea bila mita ya mbao mfukoni. Watu walisema anapima hata mkate kabla ya kuukata. Alikisoma cheti changu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi, kisha akaniita nimfuate hadi meza ya mwisho, karibu na dirisha. Pale alikuwa amesimama mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, penseli ameichomeka chini ya kofia, anatafuna tangawizi.

“Sumaili, huyu ni wako,” alisema Bwana Kipimo, akaenda zake.

Fundi Sumaili alikichukua cheti changu. Alikigeuza huku, akakigeuza kule, maana herufi za Kizungu hakuzijua. Yeye alikuwa mtoto wa mjini Kasongo, wa zile familia za Kiislamu za zamani, na mama yake alitoka Wamaza. Alisoma Kurani na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri hata watu walimletea barua zao aandike upya. Alinirudishia karatasi.

“Karatasi nzuri,” alisema. “Sasa lete mikono.”

Siku hiyo nilikata pembe. Kwa wale mliozaliwa juzi: kadre ni mbao nne, na kila mbao hukatwa mshazari kwenye ncha zake ili mbili zikikutana zifanye kona isiyoacha nafasi. Ukikosea unene wa ukucha kwenye kona ya kwanza, ya pili itakuvumilia, ya tatu itanung’unika, ya nne haifungi kabisa. Nilikata kona hamsini kwa vipande vya mbao za kutupa. Jioni alizichukua moja moja, akaziinua kuelekea jua, akachungulia kama mwanga unapita. Arobaini na tisa akazitia kwenye moto wa kuchemshia gundi. Moja akaiweka juu ya dirisha.

“Hii ulikata ukiwa umechoka kujifikiria,” alisema. “Ukae vile siku zote.”

Sikukaa vile.

Miaka iliyofuata alinifundisha mambo ambayo shule haikuyajua. Kwamba mvule uliokatwa majira ya mvua uachwe mpaka kiangazi upite, la sivyo kona zitafunguka kama mdomo. Kwamba kioo kinachotoka Ulaya, kikishapanda meli, treni, kamio la mizigo na kivuko cha Lualaba, usikiguse siku ya kwanza. Kiache kipumzike kama mgeni. Kwamba gundi ya ngozi ikichemka sana inakufa, na gundi iliyokufa inanuka vizuri kuliko iliyo hai, kwa hiyo usiamini pua. Kwamba mchwa hawana dini: wanakula picha ya Mama Maria sawasawa na aya ya Kurani, basi nyuma ya kila picha weka kontreplake, ule ubao mwembamba wa matabaka, na ukingoni pake ubandike karatasi ya kaki iliyopakwa maji ya muarubaini.

Tulifunga picha za watakatifu za misioni, picha ya mfalme kwa kila ofisi, picha za harusi, na aya zilizoandikwa kwa wino mzuri ambazo watu wa mjini waliziagiza Ujiji. Hizo za mwisho Fundi hakumwachia mtu. Alizifunga mwenyewe, polepole, na kama mtu angemharakisha alimjibu, “Mbao haina haraka. Ni weye uko na haraka.”

Tulikula pamoja saa sita, mimi, yeye na Saidi mpiga vanishi, kwenye sinia moja. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Fundi ndiye aliyetuma mchele na kuku. Nayaandika haya ili mjue alikuwa nani kwangu.

Sasa zile picha.

Alikuja Kasongo mkubwa mpya wa kampuni moja ya pamba, na mke wake. Nyumba yao ilikuwa mpya, kuta nyeupe tupu. Yule mama, Madamu tulimwita tu, alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alionekana hana mtu wa kuzungumza naye katika mji mzima. Siku moja alikuja atelie na bomba refu la karatasi ngumu, akatoa ndani yake picha saba, akazitandaza mezani kwetu na kuzikandamiza kwa randa na nyundo zisijikunje.

Hatukuwa tumeona vitu kama vile. Hazikuwa picha za mtu, wala mti, wala nyumba. Moja ilikuwa mistari myeusi na vyumba vya rangi ndani yake. Nyingine madoa ya buluu kama maji yaliyomwagika. Kubwa kuliko zote ilikuwa nyekundu tupu, na kwenye nyekundu ile limelala dubwana jeusi, zito, na kiduara kimoja cha njano mbali nalo. Madamu alitueleza kwamba wenye kuzichora ni watu wakubwa Ulaya, na hizi ni nakala zilizopigwa kwa mashine ili watu wapambe nyumba zao.

Saidi alikuja na kitambaa chake cha vanishi, akainamisha kichwa. “Hii iko ramani ya mashamba?” aliuliza. Mimi nilicheka. Nilicheka hata nikaona haya mbele ya Madamu.

Fundi Sumaili hakucheka. Alisimama mbele ya ile nyekundu muda mrefu, akarudi nyuma hatua mbili, akasogea tena.

“Mutu huyu,” alisema mwishowe, “alijua fasi ya kuachia.”

Madamu alimwomba aseme tena, na alipoelewa kwamba Fundi anamsifu mchoraji kwa kujua mahali pa kuacha patupu, uso wake ulifunguka. Nadhani tangu afike hakuna mtu aliyekuwa amezitazama. Tangu hapo alizungumza na Fundi tu. Alimwonyesha kila picha kwa mkono wake, kwa Kiswahili chake cha vipande: “Hii, juu. Hii, chini. Weye naona?” Na Fundi alitoa penseli chini ya kofia, akaweka nyuma ya kila picha alama ndogo, mstari mmoja wima kama alif, na nukta upande wa juu. Mimi nilikuwa mezani kwangu, nimewapa mgongo, ninapiga randa. Sikusikiliza. Niliona ni mambo ya watoto.

Madamu alizitaka baada ya wiki mbili, kwa sababu mkubwa wao mmoja alikuwa anakuja kutoka Ulaya, na wangemfanyia karamu. Tulizitengenezea kadre nyembamba nyeusi. Kazi ilikwenda vizuri. Zilipobaki siku tatu, Fundi alifiwa na shangazi yake kule cité, mtaa wa Waafrika, akaomba ruhusa ya kuzika. Kabla ya kuondoka aliniambia, “Kadre ziko tayari. Weka picha, funga kioo, piga misumari, tia pete za kutundikia. Alama iko nyuma. Nukta juu.”

“Ndiyo, Fundi.”

Nilibaki peke yangu na picha saba. Nilizigeuza nione alama. Hapo ndipo nilipoona kwamba duka la Ulaya nalo lilikuwa limebandika nyuma ya kila picha kijikaratasi chenye maandishi ya Kifaransa. Nilivisoma kwa furaha, peke yangu, kwa sauti. Katika picha sita, maandishi na alama ya Fundi vilikubaliana: ukisoma maandishi yamesimama sawa, nukta iko juu. Katika ile ya saba, ile nyekundu kubwa, vilipingana. Maandishi yakisimama sawa, nukta ya Fundi iko chini.

Mbele mchoraji hakuandika jina lake, hapakuwa na lolote la kunisaidia. Ningeweza kungoja. Ningeweza kutembea robo saa mpaka nyumba ya Madamu niulize. Lakini nilijiambia: maandishi haya yamepigwa na mashine, Ulaya, na watu wanaojua. Alama hii imewekwa na mzee asiyejua kusoma Kifaransa. Nilimhurumia, mjue. Nilijiona mwema. Nilichukua gome, ule mpira wa kufutia penseli, nikafuta alama yake, ili mtu akifungua siku moja asione kwamba Fundi Sumaili alikosea. Kisha nikafunga picha kufuata kijikaratasi, nikabandika kaki nyuma, nikatia pete.

Yule wa dukani alikuwa amekibandika kichwa chini. Ni hivyo tu. Mtu fulani Ulaya, labda alikuwa anazungumza na mwenzake, mkono ukageuka.

Fundi aliporudi kazini alizikuta saba zimeegemea ukuta, kioo kinang’aa. Alipapasa kona zote. “Uliangalia alama yangu?” aliniuliza.

“Niliangalia, Fundi.”

Tulizipeleka kwa mkokoteni, zimefungwa blanketi. Madamu alikuwa ana homa, amelala, na mpishi wake ndiye aliyetufungulia na kutuonyesha misumari ilipo. Tulitundika. Tulipoinua ile nyekundu, Fundi alisimama mbele yake kama siku ya kwanza. Alirudi nyuma hatua mbili.

“Bonifasi. Miye nakumbuka ule weusi ulikuwa chini.”

“Hapana, Fundi. Ulikuwa juu.”

“Ulikuwa chini. Ulikuwa umelala, na ile njano juu yake.”

“Fundi, nilifuata alama yako,” nilisema. “Ulikuwa juu.”

Alisugua macho kwa kidole, akatazama tena. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kujificha. “Basi ni uzee,” alisema, akaanza kukunja blanketi.

Mara nyingi nimejiuliza ni lini hasa nilimharibu. Si siku aliyofukuzwa. Ni pale, mbele ya ukuta ule mweupe, aliposugua macho na mimi nikamwangalia akiyasugua.

Habari ya karamu tuliletewa na mpishi asubuhi iliyofuata. Madamu alitoka kitandani siku hiyo hiyo, hakuwa na nafasi ya kukagua kitu, akawa anapokea wageni. Yule mkubwa wa Ulaya alikuwa mtu wa picha. Alizunguka na glasi yake mkononi, akasifu hii, akasifu ile, akafika kwenye nyekundu, akasimama, akapasuka kwa kicheko. Aliwaita wote waje waone. Picha imesimama kwa kichwa! Na Madamu, ambaye wiki nzima alikuwa akiwaeleza wake za Wazungu wenzake uzuri wa picha ile, alisimama katikati yao huku wanacheka. Mpishi alisema aliingia jikoni, akashika ukingo wa meza, akalia bila sauti.

Mume wake alifika atelie kabla ya saa mbili na picha kwenye kamio. Bwana Kipimo alituita sote uani. Madamu alikuwa amekaa ndani ya kamio, hakushuka.

“Sumaili,” alisema Bwana Kipimo, “Madamu anasema alikuonyesha yeye mwenyewe, na weye uliandika alama.”

“Niliandika, Bwana.”

“Wapi?”

“Nyuma yake.”

Bwana Kipimo alichukua kisu, akachana karatasi yangu ya kaki, akang’oa misumari, akainua kontreplake. Karatasi ya picha ilikuwa nyeupe safi, na kijikaratasi cha duka. Fundi alisogea. Aliinama mpaka kofia yake ikagusa kadre. Alipapasa karatasi ile kwa vidole vyake vyote, taratibu, kama anayetafuta mwiba.

“Niliandika,” alisema tena, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Bwana Kipimo alinigeukia mimi. “Bonifasi, ni weye ulifunga. Uliona alama?”

Nilikuwa nimesimama karibu na Fundi, hatua mbili. Nilisikia harufu ya tangawizi yake.

“Hapana, Bwana,” nilisema. “Sikuona.”

Wengine wangesema niliogopa kwa ajili ya mtoto mchanga na nyumba tuliyopewa kwenye kampu ya wafanyakazi. Nimelisema hilo mwenyewe miaka mingi. Si kweli. Niliona aibu kwamba mimi, msomi wa Lusangi, nilisoma vibaya. Hiyo tu. Kwa aibu ya ukubwa wa kijikaratasi nilimuuza mtu.

Fundi aliinuka, akaniangalia. Nilitaka aseme ninasema uongo. Hakusema. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza njia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa shahidi, na aliniamini kuliko macho yake. Hata yale niliyomwambia mbele ya ukuta, kwamba nilifuata alama yake, nadhani aliona nilikuwa namfichia uzee wake tu.

“Labda nilisahau,” alisema. “Macho yangu, Bwana. Labda niliota kuandika.”

Walimfukuza palepale. Bwana Kipimo hakumtukana, alisema tu kwamba kazi ya kioo haitaki mzee. Fundi aliingia ndani, akafunga vyombo vyake kwenye kitambaa. Alipopita mezani kwangu alisimama. Nilidhani sasa atasema.

“Ile gundi,” alisema, “imeanza kuchemka. Uitoe.”

Kesho yake nilipewa meza ya dirishani. Baada ya wiki mbili tukasikia amehamia Wamaza, kwa watu wa mama yake.

Miezi ilipita. Nilifunga picha nyingi, maana wake za Wazungu wengine nao walitaka madoa na mistari yao. Siku moja Madamu alikuja, akasimama dirishani akauliza, “Yule mzee iko wapi?” Nilimwambia. Alisema mume wake alikuwa na hasira nyingi siku ile, na picha ni karatasi tu, na mzee yule ndiye mtu pekee aliyeitazama. Alikuwa amezungumza na Bwana Kipimo. “Mwambie arudi,” alisema.

Ujumbe ule niliukalia. Nilijua Fundi akirudi, tutasimama tena bega kwa bega, na siku moja itatoka. Nilisema nitakwenda kiangazi. Kiangazi nilisema njia ni ndefu. Ulipotimia mwaka tangu afukuzwe, Saidi, ambaye hakuwa anajua lolote ila aliyasikia maneno ya Madamu, aliniuliza kwenye sinia, “Bonifasi, weye ulimpenda yule mzee ao hukumpenda?” Nikaenda kwa kalani wa ofisi ya serikali kuomba karatasi ya njia, ruhusa ya kusafiri.

Nilitoka na baisikeli, nikalala njiani, nikafika Wamaza siku ya pili kabla ya adhuhuri. Nilikuwa bado ng’ambo ya shamba la mihogo, mbali, niliposikia mtu ananiita kwa jina. Ni Fundi. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, meza ya kazi iko nje, na alinitambua kutoka pale.

“Bonifasi! Umepungua mwili! Na kofia hii umeitoa wapi?”

Nilisukuma baisikeli nikiwaza: macho haya yana ubaya gani?

Alinipa kiti. Alikuwa anatengeneza mlango. Binti yake Zubeda, mwanamke mzima aliyeachika na kurudi kwa baba, alituletea maji. Tulizungumza habari za mji, za Saidi, za mtoto wangu. Alipokuwa akizungumza alipiga mstari kwenye ubao kwa penseli, mstari mzuri kama zamani. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni.

“Zubeda! Njoo uangalie. Huu mstari uko wima?”

Zubeda alikuja na mikono yenye unga. “Uko wima, Baba.”

“Sawa.” Akachukua msumeno. Baada ya kukata, akamwita tena. “Na hapa? Iko sawa?”

“Iko sawa, Baba.”

Nilimpa ujumbe wa Madamu. Alisikiliza, akatikisa kichwa polepole. “Mumushukuru,” alisema. “Lakini mutu anayesahau alama yake mwenyewe asiguse kioo cha watu. Hapa nafanya milango. Mlango mubaya unaonekana haraka.”

Nilikuwa nimekuja na ujumbe tu. Sikuwa nimepanga zaidi. Lakini alimwita Zubeda kwa mara ya tatu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Fundi. Alama uliiweka.”

Aliendelea na randa. “Unasema nini?”

“Uliiweka. Niliifuta miye.”

Randa ilisimama.

“Uliifuta na nini?”

“Na gome.”

“Kwa nini?”

“Kijikaratasi cha duka kilisema ingine. Nikadhani ulikosea.”

“Ukadhani.” Aliweka randa chini, akaifuta vumbi kwa kiganja, akailaza ubavu kama alivyonifunza, ili kisu kisiguse meza. “Na mbele ya ule ukuta, nilipokuambia weusi ulikuwa chini?”

“Ulikuwa chini, Fundi.”

“Na Bwana alipokuuliza?”

Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Fundi alikung’uta vumbi la mbao magotini mpaka nikaona afadhali angenipiga. Aliposema, hakupaza sauti.

“Mwaka muzima, Bonifasi. Mwaka muzima nauliza mutoto wangu kama mstari uko wima. Musikitini nilikuwa nasoma mbele ya watu. Niliacha. Niliogopa nitaruka mstari wa Mungu. Nikatoka mbele, nikaenda kukaa nyuma na wale wasiojua.” Alinyoosha mikono yake akaitazama pande zote mbili. “Na ilikuwa gome.”

Nilipiga magoti.

“Simama, utachafua suruali,” alisema. “Simama uende Kasongo. Ile bongo, ule uongo wako, ulisemea mbele ya watu. Hapa umesema kwa mutu mumoja. Nenda ukaseme kule.”

Hakunikaribisha chakula. Zubeda alinijazia maji kwenye chupa kwa sababu njia ilikuwa ndefu na jua kali, akanipa bila kunitazama.

Kasongo nilikwenda kwanza kwa Bwana Kipimo. Alikuwa anapima ubao. Alinisikiliza huku mita iko mkononi, akasema, “Bonifasi, hii mambo imekwisha. Madamu amerudi Ulaya wiki hii. Mimi siwezi kukosa mafundi wawili kwa picha moja. Nenda kazini.” Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kufukuzwa. Kwa lile sikuwa nimejiandaa. Saa sita nilisimama uani, nikawaeleza wenzangu wote, tangu mwanzo. Saidi alichukua chakula chake akaenda kukaa kwenye magogo. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka mingine mingi, na hakula tena na mimi sinia moja.

Ni Saidi aliyepeleka habari Wamaza kwamba nimesema. Aliporudi nilimuuliza Fundi amejibu nini.

“Amesema amesikia.”

“Na kurudi?”

“Nimekuambia alivyosema.”

Sikwenda tena. Nilijua njia, baisikeli nilikuwa nayo, karatasi ya njia kalani hakuninyima. Nilingoja aniite. Mkosaji anayengoja kuitwa ni mvivu tu, lakini hilo nililielewa nimekwisha chelewa.

Alikufa masika moja kabla ya Uhuru. Dereva wa kamio aliyepita Wamaza alituletea habari, na nilipofika walikuwa wamekwisha zika. Niliwakuta kwenye hitima. Nilikaa pembeni, Mkristo peke yangu kati ya kanzu. Watu walipoanza kutawanyika Zubeda alinifuata nilipokuwa ninafungua kamba ya baisikeli. Nilimpa pole, kisha nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba njia nzima.

“Alirudi kusoma mbele ya watu?”

“Alirudi. Walimwomba, akarudi.”

Moyo wangu ulipata nafuu, naungama. Ilidumu kadiri ya pumzi mbili.

“Lakini kila mara,” aliendelea, “alitaka mwenzake aweke kidole kwenye mstari. Na kila mlango aliniita. Mpaka huu wa mwisho, uko pale. Nilimwambia, Baba, ulishaambiwa, macho yako ni mazima. Akasema, ‘Najua, mama. Njoo tu uangalie.’”

“Alikuwa anaona?”

“Alikuwa anaona mpaka siku ya mwisho. Alinionyesha mwewe juu, na miye nilikuwa bado sijamuona.”

“Basi kwa nini alikuita?”

Zubeda alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya maji.

“Ni weye unaniuliza miye?” alisema, akarudi ndani kwa wanawake.

Niliondoka saa hiyo. Kesho kutwa yake nilikuwa mezani, dirishani, na picha ya harusi ya mtu wa posta ya kufunga. Bibi harusi amekaa, bwana amesimama, juu kunajulikana na chini kunajulikana. Niliigeuza mara nne kabla ya kupiga msumari.